Mfupa Usio na Ukoo

Lumban Silaen, 9 Februari 1994

Mwanangu Tiurma,

Horas! Pokea salamu za huku kwetu juu ya ziwa. Mvua imetunyeshea mpaka kahawa inaota ukungu kwenye mkeka. Nguruwe jike wa mama yako mkubwa amezaa. Kitoto kimoja amekilalia, waliobaki wanapiga kelele kuliko kwaya yetu ya kanisani. Mchungaji anauliza kama huko Surabaya unakwenda ibadani au unakwenda sokoni. Nimemjibu unakwenda kote kuwili. Mumeo Bonar msalimie, mwambie mkwe mwema hutuma salamu kabla hajaombwa.

Sasa nije kwenye shida. Kaburi la ukoo limekamilika: ghorofa mbili, marumaru tupu, na msalaba unaoonekana hadi barabara ya Balige. Baada ya Krismasi tutafukua mifupa ya babu yako, tuioshe, tuipandishe mle akapumzike kama mtu. Na unajua ada ya nyumba yetu: mzaliwa wa kwanza ndiye ambebaye baba yake kichwani ndani ya kikapu, akipanda ngazi kwa ngoma. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Siku hiyo nimeisubiri tangu nina meno yote.

Lakini Shetani hana likizo. Mwezi wa kumi nilianguka nikisimamia ujenzi, mfupa wa muundi ukavunjika vipande vipande. Daktari wa Medan anasema limebaki pengo lisiloweza kuziba lenyewe, lazima litiwe mfupa wa mtu mwingine, la sivyo nitakwenda kwa magongo hadi kufa. Na mtu wa magongo hawezi kubeba kikapu. Jaukur, yule mtoto wa baba yangu mdogo, ameshaanza kunipa pole huku ananipima kichwa kwa macho. Yule akimbeba baba yangu, mimi nitaingia kaburini kabla ya baba mwenyewe.

Wewe unafanya kazi kwenye benki ya mifupa. Nitafutie mfupa wa Silaen, wa mwanamume. Wakikosekana Silaen kabisa, basi wa ukoo ndugu. Unaijua sheria niliyoipitisha mwenyewe mbele ya wazee: kaburini kwetu hauingii mfupa wa mtu baki. Siwezi kuwa wa kwanza kuivunja, tena kwa mguu wangu. Niwekee akiba mapema, kabla wengine hawajachagua.

Baba yako mkubwa,
Mangatas Silaen

Tiurma, ni mimi Mama Mkubwa. Amenipa barua niitie kwenye bahasha. Hakuwa anasimamia ujenzi wowote. Alipanda ngazi za kaburi akijifunza kucheza, tembo tumboni, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu aliweka boga. Boga lilipona. Halafu akakaa wiki nenda rudi akikandwa mafuta na mganga wa mifupa, ndiyo maana pengo likawa pengo. Usimwambie nimesema.


Surabaya, 1 Machi 1994

Baba Mkubwa mpendwa,

Horas, na pole sana. Kusimamia ujenzi ni kazi ya hatari, kila mtu anajua.

Sisi wazima. Chakula cha huku bado kimejaa sukari, hata mchuzi. Bonar anakula huku anahesabu siku za kurudi nyumbani, anaomba mtutumie ile pilipili yetu ya porini. Tumehamia nyumba yenye bomba la maji ndani. Ibadani nakwenda, mwambie Mchungaji.

Baba Mkubwa, benki yetu si duka la vitambaa mtu aje achague rangi. Nikueleze. Watu wengi waliotupatia mifupa wako hai, wanatembea mjini. Mzee nyonga yake imelika, daktari anamtia ya chuma, na kile kichwa cha mfupa wa paja kinachotolewa anaulizwa: utatoa kwa mwenye shida? Anasema chukueni, anakwenda zake nyumbani. Wengine walifariki, jamaa zao wakaridhia. Sisi tunaosha, tunatoa damu na mafuta yote, tunakausha, tunafunga kwenye pakiti, kisha pakiti inapigwa mionzi ya kuua vijidudu. Ikitoka ina namba tu. Haina jina, haina ukoo. Mimi mwenyewe sijui, na ningejua nisingekuambia.

Daktari atachota kidogo kwenye nyonga yako mwenyewe achanganye, lakini pengo lako ni kubwa na wewe umeshaitwa mzee. Halafu jua jambo moja: huo mfupa hautakaa mle kama mpangaji asiyehama. Ni kama miti ya fundi anayojengea ukuta. Mfupa wako utapanda juu yake, utaula kidogo kidogo na kujijenga mahali pake. Baada ya miaka, sehemu kubwa itakuwa Silaen mtupu.

Nakusihi, kubali upesi. Mfupa unachukua miezi kushika, na Krismasi haisubiri.

Mwanao,
Tiurma


Lumban Silaen, 20 Machi 1994

Mwanangu Tiurma,

Horas. Pilipili nimetuma kwa mkono wa dereva wa lori, akiila njiani unijulishe. Watoto wa nguruwe wamenenepa. Mama yako mkubwa ana kikohozi lakini sauti haijapungua hata kidogo.

Barua yako nimeisoma, sikulala vizuri. Unasema haijulikani ni wa nani. Hapo ndipo penye balaa. Fikiria ni mfupa wa Sitorus, watu wa mama yako mkubwa! Hao ni wakwe zangu, waliotupatia mke, tunawanyenyekea kuliko mawaziri. Kila hatua nitakayopiga nitakuwa nawakanyaga. Nitakaa mbele yao kwenye sherehe niwape samaki kwa mikono miwili, kumbe ndugu yao yuko kwenye muundi wangu anaponda matope?

Tuseme ni wa ukoo wa mumeo, Marpaung. Hao walioa kwetu, kazi yao kwetu ni kubeba masufuria na kuosha sahani. Basi mguu wangu utakuwa unaniponyoka kwenda jikoni. Tuseme ni wa Mjava. Je, atakubali nyama ya nguruwe? Na siku ya kugawa nyama, ambapo kila mtu hupewa kipande cha daraja lake, wenye mfupa wakija kudai fungu lao mimi nitawapa nini? Shingo? Ubavu? Watu wameshachomana visu kwa ubavu, Tiurma.

Tena unaniandikia kwa mkono wako kwamba mfupa wangu utamla wa mgeni kidogo kidogo. Wazee wetu waliacha kula watu tangu enzi za wamishonari wa kwanza. Leo wewe, uliyesomeshwa kwa kahawa ya ukoo, unanirudisha kulekule?

Tafuta tena vizuri huko kwenye makabati. Silaen wote wa Surabaya hawawezi kukosa nyonga mbovu.

Baba yako mkubwa,
Mangatas

Mimi tena. Ameandika wosia. Amegawa hadi mwavuli wangu. Kila asubuhi anaukanda mguu anauambia, “Jiunge basi, una nini wewe?” Jaukur alikuja na kikapu kipya, eti anatuonyesha ususi tu. Nimekitia kuku.


Surabaya, 8 Aprili 1994

Baba Mkubwa mpendwa,

Horas. Pilipili imefika nusu, dereva ana tumbo imara. Bonar alilia kwa furaha, au kwa pilipili.

Nitasema neno, nawe unisamehe, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea na kunifundisha kusema kweli. Hili si suala la ukoo. Unaogopa.

Nilikuwa nawe kwenye benchi lile la hospitali siku baba yangu alipoingizwa kupasuliwa. Ulimwambia, “Nenda mdogo wangu, nitakuwekea uji.” Hakutoka. Uji uliubeba mpaka nyumbani, ukaumwaga nje ya lango, na tangu hapo hukuvuka mlango wa hospitali kwa miguu yako. Hata mguu ulipovunjika ulikimbilia kwa mganga wa mafuta. Ndiyo, najua, wala usiulize nimejuaje.

Na mimi naogopa. Kila pakiti inayopita mikononi mwangu nafikiria ni nani anaisubiri, na safari hii anayesubiri ni wewe. Lakini baba alikuwa na utumbo uliopasuka na alichelewa. Wewe ni mzima, una mguu mbovu na mdomo mzuri. Ukikataa, hutakufa. Utakaa barazani umtazame Jaukur akipanda ngazi na babu kichwani. Chagua.

Pakiti imeondoka kwa ndege ya Medan. Nimeifunga mwenyewe. Usiniulize kitu kingine juu yake.

Mwanao,
Tiurma


Surabaya, 30 Mei 1994

Baba Mkubwa,

Horas. Wiki zinapita, sipati barua. Nimepiga simu hospitali ya Medan wakaniambia, “Yule mzee? Subiri,” wakacheka, simu ikakatika. Wanacheka nini? Umepasuliwa? Uko hai? Umenikasirikia? Kama umenikasirikia, niandikie unitukane. Hata Mama Mkubwa yuko kimya, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Bonar anasema nisiwe na wasiwasi. Nimemwambia anyamaze.

Tiurma


Lumban Silaen, 14 Juni 1994

Mwanangu Tiurma,

Horas! Niko hai, na mguu umo ndani ya plasta, mzito kuliko deni la kanisa. Mama yako mkubwa hakuandika kwa sababu alikuwa Medan ananilinda nisitoroke. Nilichelewa kukuandikia kwa kuwa nilikukasirikia. Kisha hasira ikaisha ikabaki aibu, na aibu huandika polepole.

Ni kweli. Niliogopa. Nimeandika, basi, usiisome kwa sauti mbele ya mumeo.

Asubuhi ya kupasuliwa walinivika lile gauni lao lisilo na mgongo. Nikaomba kwenda msalani, nikashika magongo nikatoka kwa lango la nyuma hadi kilabu cha tembo ng'ambo ya barabara. Gauni lilikuwa wazi nyuma, Medan nzima imeniona. Sikunywa, walikataa kuniuzia. Mwenye kilabu, mama mmoja wa ukoo wa Siagian, aliniuliza, “Mzee, unakwenda kuzikwa au unatoka?” Mama yako mkubwa akanikuta hapo. Yaliyofuata siandiki.

Nilipolazwa mezani nikamwambia daktari, kijana wa kabila la Karo mwenye uso mzuri, “Nionyeshe kwanza.” Akanipa pakiti ikiwa imefungwa. Tiurma, nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Ni vipande vyeupe vikavu, kama chumvi ya mawe. Nikafanya lile tunalofanya sisi tukikutana na mtu tusiyemjua. Nikajitambulisha: mimi ni Mangatas, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, kizazi hadi kizazi, mpaka babu aliyetoka mlimani. Daktari alisimama na glavu zake anangoja. Nilipomaliza nikanyamaza ili na yule wa kwenye pakiti anitajie wa kwake.

Akakaa kimya. Nikamngoja. Ndipo haya ikanishika. Mtu amekuja kunisaidia, nami namhoji kama karani wa ndoa. Nikamwambia tu, “Karibu, ndugu. Samahani kwa usumbufu.” Daktari akauliza, “Mzee, amekubali?” Nikasema aanze.

Nikamkumbuka baba yako, nikalia mpaka waliponilaza usingizi. Nilipoamka nilikuwa bado nalia, kwa hiyo nikajua siko mbinguni. Na nilitaka uji.

Baba yako mkubwa,
Mangatas

Nilimrudisha kwa sikio. Daktari anasema mfupa unashika vizuri. Mama Mkubwa.


Surabaya, 20 Novemba 1994

Baba Mkubwa mpendwa,

Horas. Sasa ninaandika nikiwa nimeiegemeza karatasi juu ya tumbo, ni meza nzuri. Daktari amenikataza ndege mpaka nijifungue, kwa hiyo sherehe sitaiona. Nimelia, nimekula, nimelia tena. Bonar atakuja peke yake. Kama mkwe atapewa masufuria, najua, lakini mpeni na chakula.

Nimezungumza na daktari wako. Picha inaonyesha pengo limeziba. Una ruhusa ya kupanda ngazi kwa gongo moja, pole pole, na kikapu kishikiliwe na mtu upande wa pili. Kucheza, hapana. Nasema hapana, Baba Mkubwa. Ukicheza nitajua tu.

Je, suala la kaburi umelimaliza na wazee? Jaukur anasemaje juu ya mguu wako? Barua zako zote tangu upasuliwe zimeliruka hilo kama mtu anayeruka dimbwi.

Mwanao,
Tiurma


Lumban Silaen, 3 Januari 1995

Mwanangu Tiurma,

Horas, horas, horas! Heri ya mwaka mpya kwako na kwa meza yako. Bonar ameondoka jana, mikono imechubuka kwa masufuria, hakulalamika, ni mwanamume. Nyama ilitosha. Hakuna aliyechomwa kisu, ingawa Mzee Sitorus aliuangalia ubavu wa jirani yake kwa jicho baya.

Suala la kaburi sikulimaliza na wazee. Nilikuwa naogopa kuliko ile meza ya hospitali. Jaukur alishatangaza kote kilabuni kwamba mimi nimeingiza mgeni mguuni, kwa hiyo kwa sheria yangu mwenyewe sina mahali kaburini, na asiye na mahali hawezi kubeba mwenye mahali. Alikuwa amepanga kuyasema siku hiyohiyo, mbele ya ukoo wote, wakati wa kuinua kikapu. Niliyajua hayo, nikaenda na gongo langu hivyohivyo.

Basi kaburi la udongo likafukuliwa. Akina mama wakaosha mifupa kwa ndimu na manjano, wakaipanga juu ya kitambaa cheupe. Bonar, ambaye umemfundisha vibaya, akachuchumaa anatazama. Akasema, “Samahani wakwe zangu. Babu ana mapaja matatu.”

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Yalikuwa matatu kweli: moja la kulia, mawili ya kushoto. Zamani pale kilimani walizikana kwa kubanana, udongo umesukuma mtu kwa mwenzake. Mama yako mkubwa akasema, “Ndiyo maana marehemu alikuwa anatembea haraka,” Mchungaji akageukia upande wa ziwa mabega yakimtetemeka.

Jaukur akaruka. “Sheria! Mfupa wa mtu baki hauingii! Utolewe mmoja wa kushoto!”

Nikamwambia, “Sawa. Chagua.”

“Nichague mimi?”

“Wewe ndiye unayeijua sheria. Mmoja ni baba yangu, ambaye kwako ni baba mkubwa, aliyekufundisha kuogelea. Mwingine hatumjui. Shika huyo wa kutupwa.”

Tiurma, uliyakosa. Akanyoosha mkono kwenye huu, akaurudisha. Akaunyoosha kwenye ule. Yamefanana rangi, yamefanana urefu, yote yananukia ndimu. Jasho likamtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, “Kaka, siwezi.”

Nikasema, “Hata mimi siwezi.” Na hapo nikasema yaliyokuwa moyoni, sikuyapanga. Nikawaambia: sheria ile niliitunga mimi, nilipokuwa na miguu miwili na akili moja. Leo muundi wangu una mgeni. Sijui ni wa wapi, sijui kama ni mwanamume au bibi kizee, najua tu kwamba nimesimama hapa kwa ajili yake. Na huyu mwingine amelala na baba yangu tangu hatujaota ndevu, wala hatukusikia wakigombana. Anayetaka kumtoa aje amtoe kwa mkono wake. Nami nikifa, mnikate mguu mmoja muuache nje na mbwa.

Hakuna aliyekuja. Mzee Sitorus, mkwe wetu mkubwa, akavua ulos, shuka yake ya heshima ya begani, akaifunika mifupa yote, mapaja matatu yote, chini ya nguo moja. Ngoma ikaanza.

Nikakibeba. Jaukur alishika upande wa pili bila kuambiwa, analia kama mtoto, nikamwambia aangalie ngazi. Mguu ulishika. Uliuma, lakini ulishika. Juu kabisa nilifika nikamweka baba yangu chini taratibu, nikamwambia, “Baba, umefika, na umekuja na mwenzio.” Sikucheza. Niliinua kisigino tu. Mama yako mkubwa atakuandikia kwamba nilicheza. Kisigino si kucheza.

Sasa nina ombi, tena nalisema wazi. Nyonga yangu ya kulia imeanza kulia ninapoinuka kwenye kiti. Daktari yule wa Kikaro anasema huko mbele huenda ikabadilishwa. Siku ikifika, hicho kichwa cha paja ni chenu. Kioshe, kikaushe, kitie kwenye pakiti, mpe yeyote. Mjava, Mchina, Sitorus, hata mtu wa Marpaung. Na asiulizwe ni wa ukoo gani, wala yeye asiulize.

Ila akiuliza, mwambie ni Silaen.

Baba yako mkubwa,
Mangatas